Mary Breckinridge: Muuguzi aliyewafuata waja wazito milimani kwa farasi

MNAMO Mei 28, 1925, kundi dogo la watu lilikutana Frankfort, mji mkuu wa jimbo la Kentucky nchini Marekani, na kuasisi chama kilichoitwa Kamati ya Kentucky ya Akina Mama na Watoto Wachanga. Lilikuwa jina la upole, lisiloashiria ubishi wowote.

Hata hivyo, aliyewaita watu hao alikuwa amebeba wazo ambalo madaktari wengi wa nchi hiyo hawakutaka kulisikia. Mary Breckinridge, aliyekuwa na umri wa miaka 44, alitaka wauguzi waliosomea ukunga wapelekwe katika milima ya mashariki mwa Kentucky ili wawazalishe akina mama na kuwatibu watoto, bila daktari kusimama kando yao.

Swali aliloliibua siku hiyo lingali linabishaniwa miaka mia moja baadaye: je, mhudumu wa afya asiye daktari anaweza kuachiwa afanye kazi peke yake? Na akiruhusiwa, ni nani atakayemchorea mipaka?

Bi Breckinridge hakuzaliwa katika dhiki aliyokwenda kupambana nayo. Alizaliwa Februari 17, 1881 katika jiji la Memphis, jimbo la Tennessee, katika ukoo uliotajika sana katika siasa za kusini mwa Marekani. Babu yake, John C. Breckinridge, alikuwa Makamu wa Rais kati ya 1857 na 1861, kisha akawa jenerali upande wa majimbo ya kusini yaliyoasi. Baba yake, Clifton Rodes Breckinridge, alikuwa mbunge wa Arkansas kabla ya kuteuliwa balozi nchini Urusi mwaka wa 1894.

Msichana huyo alilelewa na walimu wa nyumbani na kupelekwa shule nchini Uswisi na katika jimbo la Connecticut. Akiwa Urusi alishuhudia jambo ambalo alilikumbuka hadi uzeeni. Mnamo 1895 mama yake alijifungua mtoto wa kiume, na aliyeiongoza kazi hiyo hakuwa daktari bali mkunga wa Kirusi aliyesomea taaluma yake. Kwa binti wa Kimarekani wa tabaka lake, hilo lilikuwa geni.

Msiba juu ya msiba

Aliolewa mwaka wa 1904 na wakili Henry Ruffner Morrison. Miaka miwili baadaye mumewe akafariki kutokana na ugonjwa wa kidole tumbo, naye akabaki mjane akiwa na miaka 25. Badala ya kukaa nyumbani kama ilivyotarajiwa kwa wanawake wa hadhi yake, alijiunga na chuo cha uuguzi cha Hospitali ya St. Luke's, New York, akahitimu 1910.

Mwaka wa 1912 aliolewa tena, safari hii na Richard Ryan Thompson, mkuu wa chuo cha wasichana mjini Eureka Springs, Arkansas. Mtoto wao wa kwanza, Breckie, alizaliwa Januari 1914. Wa pili, msichana aliyeitwa Polly, alizaliwa kabla ya wakati mwaka wa 1916 na akaishi saa chache tu.

Kisha Januari 1918, siku chache baada ya kutimiza miaka minne, Breckie aliugua ghafla na kufariki. Ndoa ya wazazi wake haikudumu baada ya hapo. Walitalikiana 1920, na mama huyo akalirudia jina la ukoo wake.

Wapo ambao pigo la namna hiyo huwafungia ndani ya nyumba, lakini Bi Breckinridge liliendesha maisha yake yote yaliyosalia. Aliazimia kuwafanyia watoto wa watu wengine kazi ambayo ingekuwa ukumbusho wa wanawe wawili, na hakugeuka nyuma.

Alichojifunza ng'ambo

Mwaka wa 1919, mara tu baada ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, alisafiri hadi Ufaransa na kujiunga na kamati ya Wamarekani waliokuwa wakisaidia maeneo yaliyobomolewa na vita. Huko Vic-sur-Aisne alianzisha huduma ya wauguzi wa kuzuru nyumba kwa nyumba, wakiwahudumia waja wazito na watoto waliodhoofishwa na njaa. Aliwaomba Wamarekani pesa za kununulia mbuzi, ili watoto wapate maziwa.

Ni huko alikokutana na wauguzi wa Kiingereza ambao pia walikuwa wakunga. Akatambua kwamba Marekani ilikuwa na wauguzi wasiojua ukunga, na wakunga wasiosomea uuguzi, lakini haikuwa na mtu mmoja aliyeziunganisha kazi hizo mbili. Uingereza ilikuwa na sheria ya wakunga tangu 1902, pamoja na bodi ya kuwasajili na kuwasimamia.

Aliporejea nyumbani hakukimbilia kuanzisha mradi. Kwanza alisomea afya ya umma katika Chuo Kikuu cha Columbia. Halafu, katika kiangazi cha 1923, alipanda farasi na nyumbu na kuzunguka kaunti za Leslie, Knott na Owsley katika milima ya Kentucky, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000, akiwahoji wakunga wa jadi 53.

Aliyoyaona yalimtia hofu. Wengi wa wanawake hao walikuwa wazee wasiojua kusoma, waliojifunza kazi kwa kuitwa na majirani, na ambao hawakuwa na la kufanya mama alipovuja damu au kupatwa na kifafa cha mimba. Kaunti ya Leslie haikuwa na daktari hata mmoja mwenye leseni aliyeishi huko. Barabara ya magari haikuwako, wala reli, na mito ilikuwa ndiyo njia.

Kwa kuwa hapakuwa na chuo Marekani cha kumfunza alichotaka, akiwa na miaka 42 alivuka bahari na kujiandikisha kuwa mwanafunzi wa ukunga katika hospitali ya akina mama na watoto ya Woolwich, London. Baada ya kufuzu alizuru nyanda za juu na visiwa vya Scotland mwaka wa 1924. Huko serikali ilikuwa imeanzisha huduma ya afya mwaka wa 1913 kwa ajili ya wakulima na wavuvi waliotawanyika kama walivyotawanyika watu wa Kentucky. Muuguzi aliishi miongoni mwa wanavijiji, naye daktari akaitwa ilipobidi. Bi Breckinridge alipata kielelezo chake.

Vita dhidi ya wakunga

Ili kuelewa uzito wa alichokusudia, yafaa kukumbuka hali ya Marekani wakati huo. Mwaka wa 1910 karibu nusu ya watoto nchini humo walizaliwa mikononi mwa wakunga. Kufikia 1930 kiwango hicho kilikuwa kimeshuka hadi takriban asilimia 15, kwa kuwa madaktari bingwa wa uzazi walikuwa wameendesha kampeni kali ya kumwondoa mkunga.

Dkt Joseph DeLee wa Chicago, aliyekuwa mmoja wa mabingwa mashuhuri zaidi wa taaluma hiyo, alimhesabu mkunga kuwa masalio ya zama za giza. Hoja ya kundi lake haikuwa ya kupuuzwa. Uzazi unaoanza salama huweza kugeuka hatari kwa dakika chache, na asiyeusomea mwili wote wa binadamu huenda asizitambue dalili mapema. Mja mzito maskini, walisema, alistahili daktari sawa na tajiri.

Lakini palikuwa na mambo mawili ambayo hoja hiyo haikuyajibu. La kwanza ni kwamba daktari huyo hakuwako milimani, wala hakuwa na nia ya kwenda kuishi huko kwa malipo ya kuku na mahindi. La pili ni kwamba hata mijini, ambako madaktari walikuwa tele, akina mama waliendelea kufa. Katika miaka ya 1920 Marekani ilipoteza zaidi ya akina mama 60 kwa kila watoto 10,000 waliozaliwa hai.

Kadhalika, suala la riziki lilijificha nyuma ya suala la usalama. Kila mama aliyezalishwa na mkunga alikuwa mteja aliyempotea daktari, na pia somo lililompotea mwanafunzi wa udaktari.

Farasi, mito na kitabu cha kanuni

Kazi ilianza 1925 katika mji mdogo wa Hyden, Kaunti ya Leslie, Bi Breckinridge akitumia sehemu ya urithi wake mwenyewe. Kando ya tawi la kati la Mto Kentucky alijenga nyumba kubwa ya magogo aliyoiita Wendover, ikawa makazi yake na makao makuu ya chama. Mnamo 1928 chama kilibadilisha jina na kuwa Frontier Nursing Service, na mwaka huo huo kikafungua hospitali ndogo mjini Hyden.

Vituo sita vilijengwa kandokando ya mito, kila kimoja kikiwa na wauguzi waliohudumia eneo la mzingo wa takriban kilomita 8. Kwa jumla shirika lilihudumia eneo la karibu kilomita 1,800 mraba. Muuguzi alipanda farasi akiwa na mikoba miwili ya ngozi ubavuni mwa tandiko. Palikuwa na mikoba ya uzazi, na mingine ya matibabu ya kawaida.

Mama alilipa dola tano kwa huduma yote ya ujauzito na uzazi, na kila familia dola moja kwa mwaka kwa matibabu mengine. Asiyekuwa na pesa alileta nyasi za farasi, mayai au mbao, au akatoa nguvu zake kwa siku kadhaa. Wauguzi hao pia waliwachanja watu dhidi ya ndui, dondakoo na homa ya matumbo, na kuwatibu watoto minyoo.

Sasa swali gumu likawa hili: muuguzi aliye umbali wa saa nyingi kutoka kwa daktari alikuwa na haki gani ya kutoa dawa? Kisheria, kutambua ugonjwa na kuagiza dawa ilikuwa kazi ya daktari peke yake.

Jibu la Bi Breckinridge lilikuwa la mwanadiplomasia aliyelelewa na mwanadiplomasia. Hakuingia ulingoni kupigana na madaktari. Aliwaendea wale wa mji wa Lexington, akawaomba wawe kamati ya ushauri, nao wakaidhinisha kijitabu cha kanuni za tiba. Humo mliandikwa hali moja baada ya nyingine: dawa gani itolewe, kipimo gani, dalili zipi zinapaswa kumfanya muuguzi atume mtu kumwita daktari bila kukawia.

Kwa maandishi, basi, muuguzi alikuwa chini ya amri ya daktari. Kwa vitendo, usiku wa manane upande wa pili wa mto uliofurika, alikuwa peke yake na mgonjwa wake. Ni yeye aliyechunguza, ni yeye aliyeamua ni ukurasa upi wa kanuni uliohusika, na ni yeye aliyetenda. Kijitabu kilimpa ruhusa ambayo sheria ilimnyima, huku heshima ya daktari ikibaki haijaguswa.

Takwimu zasema

Bi Breckinridge alijua kwamba nia njema haimshawishi mpinzani. Tangu mwanzo alisisitiza kwamba kila ziara, kila kipimo na kila uzazi uandikwe. Rekodi hizo zilikabidhiwa kampuni ya bima ya Metropolitan Life, ambayo mtakwimu wake, Dkt Louis Dublin, aliwachunguza akina mama 1,000 wa kwanza na kutoa ripoti mwaka wa 1932.

Hakukuwa na mama hata mmoja aliyekufa kwa sababu iliyotokana moja kwa moja na mimba au uzazi. Wawili waliofariki waliuawa na maradhi ya moyo na figo. Dkt Dublin alikadiria kwamba huduma kama hiyo ikienezwa kote Marekani, ingeokoa maisha ya akina mama 10,000 kila mwaka.

Haikuwa bahati ya miaka michache. Rekodi za uzazi 10,000 wa kwanza, zilizokamilika katika miaka ya 1950, zilionyesha vifo vya akina mama 11 pekee. Nao hawa walikuwa wanawake maskini, wengi wenye mimba za mfululizo, waliojifungulia hasa katika vyumba vya magogo visivyo na umeme wala maji ya mfereji.

Mwenyewe alilipa gharama ya kazi hiyo kwa mwili wake. Mwaka wa 1931 farasi alimtupa akavunjika uti wa mgongo. Kwa muda mrefu baadaye alivaa mshipi wa chuma, lakini aliendelea kuzunguka mijini akichangisha pesa. Mdororo mkuu wa uchumi ulipokausha michango, wauguzi wake wengi walibaki kazini kwa mshahara kidogo au bila mshahara.

Vita Vikuu vya Pili vilipozuka 1939, wauguzi wa Uingereza, ambao walikuwa nguzo ya shirika, walianza kurejea kwao. Bi Breckinridge hakungoja. Novemba mwaka huo alifungua chuo chake cha ukunga huko Hyden. Wauguzi wake walikuwa tayari wameanzisha chama cha wakunga mwaka wa 1929, ambacho baadaye kiliungana na kingine na kuzaa chama cha kitaifa cha wauguzi-wakunga wa Marekani.

Ushindi wenye mipaka

Pamoja na takwimu zote hizo, Marekani haikuufuata mfano wake. Madaktari waliomsifu walimsifu kwa sharti lisilotamkwa, kwamba kazi yake ibaki milimani ambako wao hawakutaka kwenda. Njia iliyochaguliwa na taifa ilikuwa nyingine. Kufikia 1940 zaidi ya nusu ya watoto wa Marekani walikuwa wakizaliwa hospitalini, chini ya daktari.

Hapa ndipo mapatano yake na madaktari wa Lexington yanapoonyesha pande zake mbili. Bila mapatano hayo huenda shirika lingefungwa kabla ya kuzalisha mtoto wa kwanza, na akina mama wengi wangekufa. Lakini kwa kukubali kwamba muuguzi hufanya kazi kwa ruhusa ya daktari, hata pale daktari asipoonekana kwa wiki nzima, aliacha kanuni ambayo waliomfuata walilazimika kupigana nayo kwa miongo mingi.

Aidha, mlango alioufungua hakuufungulia kila mtu. Wakunga wa jadi aliowahoji 1923 hakuwapa nafasi ya kufunzwa ili wasaidiane na wauguzi wake. Aliwahesabu kuwa tatizo la kuondolewa, kama vile madaktari wa mijini walivyowahesabu wakunga wote.

Zito zaidi ni msimamo wake kuhusu rangi. Bi Breckinridge aliamini ubaguzi wa rangi wa watu wa tabaka lake kusini mwa Marekani. Alipowaomba matajiri michango, aliwapigia debe watu wa milimani kuwa wazungu wa nasaba safi ya Kiingereza, na hakuwafungulia wauguzi weusi milango ya shirika lake. Wakati huo huo, katika majimbo ya kusini, wakunga weusi walikuwa wakiwazalisha akina mama ambao hakuna hospitali iliyowataka. Wanahistoria wa karne hii wameliweka jambo hilo wazi, na halistahili kufichwa nyuma ya sifa zake.

Aliaga dunia Mei 16, 1965 nyumbani kwake Wendover, akiwa na umri wa miaka 84, akiwa angali mkurugenzi wa shirika. Alizikwa mjini Lexington. Mwaka wa 1975 hospitali mpya ya Hyden ilipewa jina lake, na mwaka wa 1998 sura yake ikachapishwa kwenye stempu ya posta ya Marekani.

Mwaka ule ule aliofariki, muuguzi Loretta Ford na daktari Henry Silver walianzisha katika Chuo Kikuu cha Colorado mafunzo ya kwanza ya wauguzi watakaochunguza na kutibu wagonjwa. Wapo walioyaona kuwa jambo jipya kabisa. Watu wa Kaunti ya Leslie walikuwa wamelizoea kwa miaka 40.

Mnamo 1971 chama cha madaktari bingwa wa uzazi cha Marekani kilikubali rasmi kwamba muuguzi-mkunga anaweza kusimamia uzazi usio na matatizo, ila ndani ya kundi linaloongozwa na daktari. Miaka iliyofuata ilileta mvutano jimbo baada ya jimbo. Madaktari walishikilia urefu wa masomo yao na hatari ya ugonjwa kutotambuliwa. Wauguzi nao walishikilia rekodi zao na vijiji visivyo na daktari.

Kufikia 2023 zaidi ya nusu ya majimbo ya Marekani yalikuwa yamewaruhusu wauguzi wenye mafunzo ya juu kutibu bila mkataba wa kusimamiwa na daktari. Huko Kentucky kwenyewe, ilichukua hadi 2014 kwa sheria kumruhusu muuguzi wa ngazi hiyo, baada ya miaka minne ya kazi chini ya mkataba, kuandika dawa za kawaida bila saini ya daktari.

Hiyo ilikuwa miaka 89 tangu mkutano wa Frankfort. Kwa muda huo wote, milima ya Leslie ilikuwa imeshika jibu lake mikononi, likiwa limeandikwa kwa wino katika rekodi za akina mama waliopona.